Mkwe na Mkalimani Wake

Mama mkwe na mkwe wake kufanya kazi chumba kimoja ni jambo ambalo hata adui yako humwombei. Nyumbani kuna nafasi ya kukwepana: mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka kuna nguo za kuanua. Ofisini hakuna kamba ya nguo. Kuna meza tatu, feni inayozunguka kwa kulalamika, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukitaka kumkwepa mtu humo itabidi ujifanye kabati.

Bi Chagua hakuomba balaa hilo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa katika ofisi ya kumbukumbu za chanjo za watoto, yeye ndiye mtunza databesi ya mji mzima, na jina lake hilo la utani alipewa na wenzake kwa sababu ya kazi yenyewe. SQL, lugha ya kuzungumza na databesi, kila swali lake huanza na neno la kigeni lenye maana ya "chagua". Yeye alikuwa na mazoea ya kuandika huku akijisomea kwa sauti, kwa Kiswahili, kama mtu anayechagua nyanya na hataki kuuziwa mbovu: "Chagua jina, chagua tarehe, kutoka kwa watoto, ambao sindano ya pili hawajapata." Databesi ilijibu papo hapo. Walizoeana, hawakuwa na maneno mengi.

Kisha Mkurugenzi akatangaza kwamba mfumo umezeeka, utajengwa mpya, na kampuni fulani italeta mtaalamu. Jumatatu moja mlango ukafunguliwa, mtaalamu akaingia na begi lake mgongoni. Alipomwona aliyekaa nyuma ya meza ya dirishani, nusura begi limponyoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu Bi Chagua, na moyoni akasema: kwisha kazi.

Si kwamba waligombana. Afadhali wangegombana, watu hupatana baada ya ugomvi. Kijana alikuwa amemwoa binti yake miaka minne iliyopita, na kwa miaka yote minne alikuwa na adabu mpaka adabu yenyewe ikawa kama maradhi. Aliongea na mama mkwe wake huku akitazama sakafu. Zaidi ya salamu, kila neno lilipita kwa mkewe: "Mwambie mama chakula ni kitamu," na mama mwenyewe amekaa hapo, kiwiko kwa kiwiko. Naye Bi Chagua, kwa kuwa heshima ni nipe nikupe, alijibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie baba aongeze basi."

Ofisini binti hakuwepo. Kazi hiyo ikamwangukia Karani wa masijala, bwana mwembamba wa makamo ambaye meza yake ilikuwa katikati na mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Karani, mwambie baba funguo za kabati ziko kwenye droo ya pili," Bi Chagua angesema.

"Baba ana masikio mawili, nayaona kutoka hapa," Karani angejibu. Lakini angegeuka tu. "Baba, droo ya pili. Mama mkwe wako anakupenda, ila hataki ujue."

Mkwe angeinama kama aliyepewa medali.

Sasa, kilichomshangaza Bi Chagua si tabia hiyo, maana aliizoea. Kilichomshangaza ni kwamba kijana alifanya vivyo hivyo hata na databesi. Hakuzungumza nayo hata kidogo! Alitumia programu ya aina inayoitwa ORM, ambayo humo chumbani waliiita mkalimani. Wewe unamwambia mkalimani, "Nipe mtoto huyu. Nipe mama wa mtoto huyu," basi. Mkalimani anakwenda mwenyewe, anatunga SQL, anaiuliza databesi, anarudi amemshika mtoto mkono huu na mama mkono huu. Wewe hujaona jedwali, hujaona swali, hujachafua mikono.

"Mtu mzima na akili zake," Bi Chagua alimnong'oneza Karani, "anaogopa kuuliza swali mwenyewe."

Siku moja Bi Chagua alifungua kwenye kompyuta yake dirisha la kuchungulia alichokuwa akikiandika huyo mkalimani kwa niaba ya bwana wake. Ili kuorodhesha watoto mia tatu wa kliniki moja pamoja na mama zao, alikuwa ameiuliza databesi mara mia tatu na moja. Mara moja kwa ajili ya orodha ya watoto, kisha akarudi kuuliza mama wa huyu, akarudi, mama wa huyu, akarudi, kama mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi, akifika nyumbani anaambiwa na kiberiti pia.

"Karani, mwambie baba mkalimani wake ameota malengelenge miguuni."

Karani akafikisha. Mkwe akatazama kioo chake, masikio yakamwiva. "Mwambie mama kesho atakwenda na kikapu."

Kweli, kesho yake mkalimani aliuliza mara mbili tu na kurudi na watu wote. Bi Chagua alitamani kuona kosa lingine lakini hakuliona. Isitoshe, zile kurasa za kuandikisha watoto ambazo yeye alikuwa amemwahidi Mkurugenzi kwa miaka mitatu, kijana alizimaliza kwa siku tano, tena nzuri. Jambo hilo Bi Chagua alilinyamazia, maana si kila linaloonekana ni la kusemwa.

Ila kwenye suala la wingi alimpata. Mkurugenzi alikuwa ametoa waraka kwamba mfumo mpya uwe wa Kiswahili nje na ndani, hata sehemu ambazo hakuna mtu atakayezitazama. Na mkalimani ana kawaida yake: ukimpa jina la kitu kimoja, anatafuta wingi wake mwenyewe ili uwe jina la jedwali. Shida ni kwamba alitengenezwa na watu ambao wingi kwao ni kubandika s mwishoni. Wiki ya kwanza, databesi ikawa na jedwali la mtotos, la mamas na la kituos.

"Mtotos hamjambo?" Karani alisalimia kila asubuhi kwa siku nne.

Mkwe akaamua kumfundisha mkalimani ngeli. Akamwandikia kanuni: neno likianza na m, ondoa, weka wa, likianza na mw, weka w, ki iwe vi, ch iwe vy. Akajaribu. Mtoto, watoto. Mkunga, wakunga. Kituo, vituo. Cheti, vyeti. Kijana alitabasamu peke yake, na Bi Chagua, aliyekuwa akimtazama kwa kona ya jicho, akaona kwa nini binti yake alimpenda. Lakini ngeli za Kiswahili si za kuchezewa na mtu mwenye kanuni nne. Mchana Bi Chagua alipofungua databesi akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Karani."

"Naam."

"Mwambie baba mwaka umekuwa waka, na moto hatuna. Mimba ameiweka kwenye jedwali linaloitwa waimba. Wajawazito wetu sasa ni kwaya. Na mwezi kwa wingi amesema ni wezi. Tuna wezi kumi na wawili humu ndani, nao wamepangwa kwa tarehe."

Karani alicheka mpaka akashika meza. Mkwe naye, kwa mara ya kwanza ndani ya chumba hicho, alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo haraka kama aliyepiga chafya msibani.

"Mwambie mama nitawakamata wote kabla ya saa kumi."

Ndivyo siku zilivyokwenda, na laiti zingekwenda hivyo mpaka mwisho. Lakini Jumatano Mkurugenzi aliingia na karatasi. Alisema Ijumaa saa sita mchana mfumo utakabidhiwa. Mtunza databesi ataweka sahihi kwamba amekagua na ameridhika, na alasiri hiyo hiyo mashine ya zamani itafutwa. Sahihi ikiwekwa, mtaalamu ataajiriwa moja kwa moja. Nafasi ipo na barua imeshachapwa. Isipowekwa, mkataba wake unaisha Ijumaa hiyo hiyo, na kampuni yake imeshasema itampeleka kwenye mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Bi Chagua alijua nani angepanda basi hilo pamoja naye. Binti yake alikaa mtaa wa pili tu. Mjukuu, mwenye miaka miwili na sauti ya jemadari, aliletwa kwake kila jioni. Alikula kwenye sahani ya bibi, akalala kwenye mguu wa bibi, na akiamka alidai viatu vya bibi avivae yeye. Bi Chagua hakuwa na mtoto mwingine wala mjukuu mwingine. Jumatano hiyo alichagua kalamu nzuri, akaijaribu kwenye gazeti, akaiweka tayari.

Alhamisi asubuhi alihesabu watoto, kwa mazoea tu, kama mama anavyohesabu kabla ya kufunga mlango. Databesi ya zamani: watoto elfu arobaini na moja, mia tatu na sita. Databesi mpya: elfu arobaini, mia nane na tisini.

Akahesabu tena. Mia nne na kumi na sita hawapo.

Kwanza alidhani ni majina yaliyorudiwa, kijana amesafisha. Akachukua karatasi za mipangilio ambazo mkwe alikuwa amezichapa na kumpelekea kwa mkono wa Karani ili azikague. Kusema kweli hakuwa amezikagua. Alikuwa amezipima uzito akaona inatosha. Akavaa miwani. Ukurasa wa tisa, katikati, palikuwa na mistari mitatu:

Mtoto ni wa mama.
Mama akifutwa, yatima waondolewe.
Ndiyo.

Bi Chagua akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mistari ilikuwa pale pale.

Kwa mafundi wa mambo haya, yatima ni neno la kazi tu. Ni rekodi iliyobaki bila mwenyewe, takataka ya databesi, na kumwambia mkalimani aziondoe ni sawa na kumwambia afagie; ile Ndiyo ya mwisho ni ruhusa tu. Karibu kila fundi huweka mpangilio huo. Neno hilo lingekuwa limeandikwa kwa lugha ya wenye mtambo, huenda Bi Chagua angelipita bila kugeuka. Lakini waraka ulisema Kiswahili mpaka ndani, na kijana alitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, bila kusikia alichokuwa akikisema. Kisha, akihamisha taarifa, aliona akina mama waliogongwa muhuri wa marehemu, akafikiri kwa huruma kabisa kwamba haifai ofisi iendelee kuwatumia marehemu ujumbe wa simu. Akawafuta. Mkalimani, mtiifu kama alivyo, akawafuta na watoto wao.

"Chagua watoto wote wa zamani," Bi Chagua aliandika, na safari hii hakujisomea kwa sauti, "ambao hawamo kwa wapya. Wapange kwa tarehe ya kuzaliwa."

Orodha ikateremka. Sabini na watatu kati yao walikuwa hawajafika miaka miwili. Wiki ijayo walezi wao walitakiwa kupata ujumbe wa kuwapeleka kuchanjwa, na ujumbe usingefika, na hakuna ambaye angejua, maana mtoto ambaye hayumo kwenye orodha hakosekani. Hilo tu lilitosha. Lakini macho yake yalikuwa yamerudi juu, kwenye mstari wa tatu wa orodha, wa mtoto aliyezaliwa miaka ishirini na minane iliyopita.

Ulikuwa mstari wa binti yake.

Alikaa akiutazama. Hakuwa amemzaa. Aliyemzaa ni mdogo wake wa kufuatana naye, aliyekufa kwa homa ya siku sita, mtoto ana miezi tisa. Baba yake mtoto alikuwa ameshaondoka zamani na hakurudi hata kwa mazishi. Bi Chagua alimchukua mtoto siku ile ile, na hapakuwa na mkutano wala karatasi. Mtoto alilia, akambeba. Alipojifunza kusema alimwita mama, kwa sababu ndivyo mama mkubwa aitwavyo, na kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Binti alijua tangu akiwa na miaka saba. Hapakuwa na siri. Ni kwamba hakuna aliyefichwa na hakuna aliyeuliza, miaka ikaenda.

Mpaka saa nne alikuwa hajafanya chochote ila kusogeza kalamu. Alifikiria njia ya mkato: sentensi moja tu ya SQL, watoto mia nne na kumi na sita wanarudi, Ijumaa anaweka sahihi, mjukuu anabaki. Nani angejua? Lakini ule mstari wa yatima ungebaki ndani ya mkalimani. Siku moja huko mbele mama mwingine angefariki, karani fulani angegonga muhuri, na mtoto mwingine angefagiwa, na safari hiyo Bi Chagua angekuwa amestaafu yuko nyumbani anavuliwa viatu na mjukuu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Lazima kijana aambiwe, auondoe mwenyewe, na aelewe kwa nini. Na kumweleza kwa nini ndiko kulikomshinda.

"Karani," akaanza. "Mwambie baba..."

"Naam?"

"Mwambie baba kwamba..."

Karani akasubiri. Mkwe naye akasubiri, kichwa chini, vidole vimesimama juu ya kibodi. Feni ikazunguka.

"Mama, nimwambie nini?" Karani akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Usimwambie kitu. Nenda kaninunulie maandazi."

"Maandazi huyapendi."

"Basi yale wewe, lakini kayalie huko huko."

Karani alitazama huku, akatazama kule, akachukua kofia yake. Alifunga mlango taratibu kuliko ilivyohitajika.

Bi Chagua akageuza kiti. "Baba," akasema, "njoo huku uone kitu."

Mkwe aliinuka kama aliyeitwa mahakamani. Alisimama kando ya meza, hatua mbili, mikono nyuma.

"Sogea. Sing'ati."

Akasogea.

"Umeandika hapa yatima waondolewe."

"Ndiyo, mama. Ni... ni mpangilio wa kawaida. Ni rekodi zisizo na mwenyewe. Ni kusafisha tu."

"Hawa ndio uliowasafisha. Mia nne na kumi na sita. Soma wa tatu."

Kijana akainama kwenye kioo. Bi Chagua hakumtazama usoni. Alitazama kidole chake kikifuata mstari, jina la kwanza, jina la pili, tarehe ya kuzaliwa. Kidole kikasimama.

"Hili ni jina la mke wangu."

"Ndiyo."

"Na hii ndiyo tarehe yake. Lakini mama... hapa kwa mama pameandikwa jina lingine. Tena marehemu."

"Huyo ni mdogo wangu," akasema Bi Chagua. "Ndiye aliyemzaa. Mimi nimemlea."

Kijana alilisoma jina hilo tena. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo. "Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza mama yake ni nani. Akanionyesha wewe."

"Basi hakukudanganya."

"Hapana." Akajipangusa paji la uso. "Sikuuliza zaidi ya hapo. Nilipewa jibu, nikalichukua." Kisha, akiwa bado ameinama, akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Mama, nimemfuta mke wangu."

"Umemfuta na wenzake mia nne na kumi na tano. Usimpendelee."

Bi Chagua alitaka kuwa mkali na alikuwa na haki hiyo, lakini alipoona jinsi kijana alivyosawajika uso, hasira haikumjia. Badala yake kilimjia kitu ambacho hakukitarajia, nacho kilikuwa aibu yake mwenyewe.

"Ngoja," akasema. "Tazama na huku."

Akafungua jedwali jingine kwenye databesi ya zamani, jina lake walezi. Alilitengeneza kwa mkono wake miaka ishirini na saba iliyopita, wiki moja baada ya mazishi, wakati fomu za ofisi zilikuwa na nafasi ya mama tu na hakuna pengine pa kuandika mtu mwingine. Mstari wa kwanza wa jedwali hilo ulikuwa na majina mawili, la mtoto wa miezi tisa na la kwake. Baada yao walikuja wengine: bibi, shangazi, baba wadogo, jirani mmoja, dada wa miaka kumi na saba. Watoto wote mia nne na kumi na sita walikuwa na mtu.

Mkwe akalitazama. "Hili sikulijua. Kwenye maelezo ya mfumo halimo."

"Halimo."

"Limeandikwa wapi, mama?"

Bi Chagua akajigonga kidole kwenye paji la uso. "Hapa."

"Mama," akasema mkwe, na safari hii alimtazama usoni, "hapo mkalimani wangu hawezi kuuliza."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma, na alicheka. Kijana hakuuliza, na yeye hakusema, wote wawili kwa heshima kubwa, na katikati ya heshima yao wakaanguka watoto mia nne.

"Kesho siwezi kutia sahihi, baba."

"Najua."

"Unajua maana yake?"

"Najua, mama. Nitakwenda kumwambia Mkurugenzi mwenyewe. Ni kosa langu, nisingependa alisikie kwa mtu mwingine."

Alikwenda kweli, peke yake, na alikaa huko dakika arobaini ambazo Bi Chagua alizihesabu moja moja. Aliporudi shati lilikuwa limemshika mgongoni. Ajira hakupata, barua ilichanwa mbele yake. Lakini Mkurugenzi alisema kwamba katika miaka yake kumi na moja hajawahi kuona fundi akija kushtaki kosa lake kabla hajaitwa, akampa miezi mitatu mingine ya mkataba, na mashine ya zamani isiguswe mpaka watoto wote warudi. Miezi mitatu si maisha. Hata hivyo basi halikupandwa, na jioni hiyo mjukuu angevaa viatu vya bibi kama kawaida.

Wakakaa meza moja. Mkwe aliufuta ule mstari kwanza, akaandika mwingine mahali pake: mama akifariki, mtoto ni wa mlezi. Akamfundisha mkalimani mlezi ni nani, na wingi wake akauandika mwenyewe kwa herufi zote, hakumwachia kanuni. Kisha akasita.

"Kuwarudisha watoto, mkalimani atakwenda mara mia nne na kumi na sita. Naweza kumpa kikapu, lakini..." Akasogeza kibodi upande wa mama mkwe wake. "Ningependa kuona wewe unavyofanya."

Bi Chagua aliandika sentensi moja, ndefu kama ukanda, akijisomea kwa sauti bila kujua. Kijana alifuata kila neno, midomo ikimchezacheza. Alipobonyeza, wakarudi wote kwa mpigo mmoja, na hesabu zikalingana: elfu arobaini na moja, mia tatu na sita. Wa tatu alikuwa mahali pake.

"Wanasema yatima hadeki," Bi Chagua akasema akiutazama mstari huo. "Huyu alideka mpaka majirani wakanisema."

"Hata sasa anadeka," mkwe akasema, kisha akashtuka kwa ujasiri wake mwenyewe.

"Shauri yako. Nilikukabidhi akiwa hivyo hivyo."

Karani alikuwa bado hajarudi. Bila shaka alikuwa nje ya mlango na maandazi yake. Bi Chagua alianza kukusanya karatasi. Kijana hakuondoka.

"Mama."

"Naam."

"Alikuwaje?"

"Nani?"

"Mdogo wako."

Bi Chagua aliweka karatasi chini. Watu walikuwa wamemuuliza mengi katika miaka hiyo ishirini na saba. Waliuliza kama mtoto anajua. Waliuliza yeye mwenyewe ataolewa na nani akiwa na mzigo wa mtoto. Waliuliza kama hachoki. Yeye, ambaye kazi yake ni maswali, hakukumbuka hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza hilo, na sasa lilipoulizwa akaona jibu lake lilikuwa tayari siku zote, limekaa mlangoni limeshavaa viatu.

"Msumbufu," akasema. "Alikuwa msumbufu sana. Aliazima nguo zangu bila kuomba. Alikuwa anapenda kusimulia vichekesho, na hakujua kusimulia. Akifika katikati anaanza kucheka mwenyewe, anacheka mpaka analia, sisi sote tunacheka kwa ajili ya kucheka kwake. Hatukuwahi kusikia mwisho wa hata kimoja."

Mkwe alikuwa amefumbua macho makubwa. "Mama, mke wangu yuko hivyo hivyo."

"Najua, baba," akasema Bi Chagua, akitafuta leso. "Nimemlea miaka yote hiyo nikisubiri amalize kimoja."